Kanzu Nyeupe, Jua la Saa Saba

Mpiga picha wa harusi Bagamoyo hana likizo, ana Ramadhani. Mwezi wa Shaaban watu huoana kama wanaokimbizwa: Ijumaa nikaha Dunda, Jumamosi ukumbi Magomeni, Jumapili kichen pati Kerege. Kisha mwezi unaandama, mji unatulia, na kamera zinalala mpaka Mfungo Mosi. Ndiyo sababu nilipoamua kujaribu programu mpya ya kusafishia picha niliingoja Ramadhani ya 2024, iliyoanza Machi 12. Masika yalikuwa yanakaribia, wageni wa ufukweni wamepungua, na hapakuwa na mama wa bibi harusi wa kunipigia simu saa nne usiku kuulizia albamu. Nimewaona vijana waliobadilisha programu wiki ya Idd kwa sababu ya video moja ya kuvutia, na albamu za watu zikatoka mtoto ameshazaliwa.

Kazi yangu inatembea kutoka Mapinga hadi Saadani. Harusi ndizo zinazolipa pango la studio, lakini kuna mahafali, kuna tamasha la sanaa pale chuoni TaSUBa, kuna hoteli zinazotaka picha za vyumba, na watu wa pasipoti hawakatiki. Kwa yote hayo nimekuwa mtu wa Lightroom tangu nilipoacha kupeleka filamu Dar kwa basi. Ilitoka mwaka 2007, na sisi tuliotoka kwenye filamu tuliipokea kwa mikono miwili kwa kuwa ilitupa tuliyoyazoea: picha zote juu ya meza moja, unachagua, unasafisha, unachapa. Sina ugomvi nayo. Imenilishia watoto.

Ila kuna jambo lilikuwa linanikera. Mwaka 2013 Adobe, wenye Lightroom, walitangaza kuwa programu zao kubwa hazitauzwa tena, zitakodishwa. Lightroom ilichelewa kidogo kuingia katika mkumbo huo. Toleo la 6, la mwaka 2015, ndilo la mwisho ambalo mtu aliweza kulinunua likawa lake. Tangu hapo ni kulipa. Usipolipa, picha zako unaziona, unaweza hata kuzitoa nje, lakini sehemu ya kurekebishia inafungwa. Bei yenyewe, dola 9.99 kwa mwezi wakati huo, haikuwa ya kumfilisi mtu, ingawa dola hiyo mwanzoni mwa 2023 ilikuwa karibu shilingi 2,300 na katikati ya 2024 ikawa imepita 2,600, nami bibi harusi ananilipa kwa shilingi ileile. Kilichonikera zaidi ni kwamba kazi ya miaka yote, kila uso niliouinua na kila mkunjo wa kanzu niliourudisha, ilikuwa ndani ya nyumba ambayo ufunguo wake unalipiwa kila mwezi.

Niliyoichagua kuijaribu ni darktable. Ilianzishwa na Johannes Hanika, na toleo la kwanza likatoka 2009. Ni programu huria: inapakuliwa bure, na anayeweza kuisoma anaruhusiwa kuibadilisha. Kwa miaka mingi ilikuwa ya watu wa Linux. Wenye Windows tulikaribishwa rasmi na toleo la Desemba 2017. Matoleo mapya hutoka mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, na mimi nilianza na 4.6. Wapiga picha wenzangu walicheka. Kwetu kitu cha bure kinatiliwa shaka, na katika hili hawakukosea sana, maana unachokwepa kukilipa kwa fedha unakilipa kwa usiku.

Kuingia darktable ni kama kuingia jiko la watu: chumvi ipo, ila hujui iko kopo gani. Kitelezi kimoja cha Lightroom, tuseme cha kuinua vivuli, huku kimegawanyika katika moduli mbili tatu, na kila moja ina kurasa zake na maneno yake. Hakuna mahali pa kubonyeza picha ikapendeza. Ukifungua faili ghafi, ile ambayo kamera haijaipika, inakutazama ikiwa imepooza, na programu inangoja uamue. Jioni za mwanzo, baada ya futari, nilikuwa natumia muda mwingi kusoma mwongozo kuliko kusafisha picha. Mwongozo wenyewe umeandikwa na watu wanaojua fizikia ya mwanga na hawaoni haya kukufundisha.

Kwa jaribio sikupiga picha mpya. Nilichukua harusi niliyokwisha kuikabidhi na kulipwa, nikaanza upya na faili ghafi bila kutazama nilivyozisafisha mwanzo. Nawasisitizia vijana jambo hili, kwa sababu picha za mfano zinazotangaza programu hizi ni za milima yenye theluji, msichana mwenye nywele za dhahabu, na jua la jioni lililolala kwa upole. Hapa kwetu nikaha inasomwa baada ya adhuhuri, watu wanatoka msikitini saa saba, na bwana harusi anasimama barazani Mji Mkongwe akiwa na kanzu nyeupe na joho jeusi. Nyuma yake kuna ukuta wa mawe ya matumbawe uliopakwa chokaa. Jua liko utosini. Uso wake mweusi uko chini ya kivuli cha kilemba, na kanzu inawaka.

Picha ya namna hiyo ndiyo mtihani wa programu yoyote pwani. Sensa ya kamera nzuri ya leo hubeba tofauti ya mwanga ya hatua kama 14, lakini karatasi ya picha hubeba karibu nusu tu ya hizo. Lazima kitu kibanwe. Swali ni kibanwe nini, na nani aliamua.

Historia ya uamuzi huo si nzuri kwetu. Enzi za filamu, maabara zilipanga mashine zao kwa kadi ya majaribio yenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo za Kodak zikaitwa Shirley, jina la mmoja wa wanawake wa kwanza waliopigwa. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine iko sawa. Ngozi yetu ikitoka kama lami yenye meno, hiyo ni shida yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Jean-Luc Godard, mwongozaji wa Ufaransa, alipofanya kazi Msumbiji alikataa kutumia filamu ya Kodak kwa sababu hiyohiyo. Kodak wenyewe walipokuja kuboresha jinsi filamu inavyoona rangi za giza, miongoni mwa waliowasukuma walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao hazikuwa zikitofautiana pichani. Chokoleti ilisikilizwa kabla ya watu.

Filamu imekwenda, tabia imebaki. Angalia zile priseti, yaani marekebisho yaliyopangwa tayari, ambazo vijana wetu wananunua mtandaoni, za harusi za rangi nyepesi nyepesi. Ngozi ya kila mwanadamu, mweusi au mweupe, kwa hesabu ya kompyuta iko upande wa rangi ya chungwa. Tunatofautiana kina tu. Priseti hizo hupunguza nguvu ya chungwa na kuiongezea mwanga ili ngozi nyeupe isionekane nyekundu kwa jua. Ukiipachika priseti kama hiyo kwa mwali wa Bagamoyo aliyesingwa kwa liwa na manjano, inamnyang'anya wekundu wa chini ya ngozi na kumwachia kijivu. Anaonekana kama ametoka kupekua jivu.

Hapo ndipo darktable iliponishika. Kuna moduli inaitwa filmic, inayobana mwanga wa mandhari yote uingie katika karatasi bila kuvuruga rangi katika sehemu zinazong'aa; ule ung'avu wa jasho kwenye paji la uso haugeuki njano. Kuna nyingine ya kusawazisha mwanga, ambayo inagawa picha kwa kanda za mwangaza, kutoka giza totoro hadi weupe, na unasogeza kanda moja bila kuvuruga zile za mbali. Niliweka kishale juu ya uso wa bwana harusi, nikauinua, na kanzu ikakaa palepale na mishono yake ya kifuani ikiwa inaonekana. Nilifanya hivyo bila kuchora mpaka kuzunguka uso na bila ile duara ya mwanga inayowafanya watu waonekane kama masanamu ya kanisani. Kwa Lightroom ninaweza kufika hapohapo, lakini kwa kupigana. Huku nilifika kwa kuelewa ninachofanya.

Ukumbini nako kulikuwa na mshangao. Kumbi zetu zimevamiwa na taa za LED za buluu na zambarau, na atakayezimaliza atapata thawabu. Uso ukipigwa na buluu hiyo, kamera inachanganyikiwa, na rangi inakatika vipande kama karatasi iliyochanwa. darktable ina moduli ya kurekebisha rangi ya mwanga, yenye kitelezi maalumu cha kuzirudisha rangi kama hizo ndani ya mipaka. Waliotengeneza programu walikuwa wameyaona mateso haya kabla yangu.

Lakini jicho la fundi halitoshi. Nilichapa picha zilezile kutoka programu zote mbili, nikatia alama ndogo nyuma, nikaenda kwa shangazi wa bibi harusi yule. Ni mtu mzima, macho yake bado makali, na ndiye aliyekuwa msimamizi wa shughuli nzima.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umeleta nyingine? Si tulishamaliza?"

Nikampangia mkekani. Kwa picha za nje alichagua za darktable bila kusita, akagusa uso wa bwana harusi kwa kidole akasema, "Huyu ndiye yeye, hata kovu lake la utotoni lipo." Kwa picha za ukumbini akachagua nyingi za Lightroom, kwa kuwa nyuso zilikuwa laini zaidi. Kisha akafika kwenye picha ya bibi harusi karibu na dirisha, ambayo mimi niliipenda katika programu zote mbili. Akaziweka mbili zile pembeni. "Hapa mbona umempaka unga, mwanangu? Mwali wetu si mweupe hivi. Watu watasema tumembadilisha."

Katika kazi hii nimehudhuria mafunzo na nimeangalia video nyingi sana za wataalamu, lakini sijawahi kupata kipimo kilicho bora kuliko kile cha mkekani. Google wana mizani ya rangi za ngozi yenye ngazi 10, waliyoitoa 2022 kutokana na kazi ya msomi Ellis Monk, na ni kitu cha heshima. Shangazi ana ngazi moja tu, ya mtoto wa kaka yake, na haikosei.

Bahari nayo ilinifundisha jambo ambalo sikulitarajia. Hoteli moja ya upande wetu ilikuwa imeniomba picha za ufukwe, na meneja akataka maji ya buluu, "kama Nungwi." Sasa, maji ya Bagamoyo si ya Nungwi, kule Unguja. Mto Ruvu unamwaga tope lake baharini hapo kaskazini mwa mji, na wakati wa masika maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa. Maji yakitoka, yanakwenda mbali na kuacha uwanda wa matope na ngalawa zilizolala ubavu. Mimi nauona huo ndio uzuri wenyewe, lakini sikuwa nauza macho yangu. Kwa priseti, buluu ya Nungwi inakuja kwa kubonyeza mara moja, na mkono unakuwa umeshabonyeza kabla akili haijauliza. Katika darktable ilinibidi niijenge: nichague kanda ya rangi ya maji, niisogeze kutoka hudhurungi, nizuie isiguse mchanga, niitenge na mashua. Kila hatua ilinitazama usoni. Nikaona kwamba sisafishi picha tena, natengeneza bahari. Nikamwambia meneja nitarudi asubuhi maji yakijaa, miezi ya kiangazi mto ukipungua, nimpigie bahari yake mwenyewe katika siku yake nzuri. Alinung'unika, kisha akakubali, kwa sababu mgeni aliyeona buluu kwenye tangazo na kukuta chai ya maziwa humlaumu meneja, si mpiga picha.

Yako mabaya, nami siyafichi. Kasi. Harusi moja hunipa picha mia kadhaa za kukabidhi, na kompyuta yangu mpakato ya wakati huo, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 na bila kadi ya michoro ya maana, ilikuwa inahema kama punda wa chokaa kila nilipotoa JPEG. Programu hii inapenda mashine yenye nguvu. Halafu kuna akili bandia. Tangu 2022 Lightroom inaweza kutambua mtu na kutenga yenyewe ngozi, nywele na midomo yake, na tangu Aprili 2023 inaondoa chembechembe za giza kwa namna ambayo nisingeamini kama nisingeona. Kwa shughuli ya usiku, ngoma uani na balbu moja, huwezi kudharau hilo. darktable niliyoijaribu haikuwa na kitu kama hicho. Maski nilizichora kwa mkono au nilizitenga kwa rangi na mwangaza. Na kuhama hakukuwa kamili: nyota na alama nilizozipa picha zamani zilifika, marekebisho machache yakafika nusunusu, rangi ikabaki kule. Anayekwambia utahamisha kazi yako ya miaka kumi kwa kubonyeza kitufe anakuuzia kitu.

Idd ikaja, harusi zikarudi, nikaingia msimu na programu mbili. Mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikapita kusini kwetu, tukapata upepo na mvua, na umeme ukawa wa kukatika. Mei 12 nyaya mbili za intaneti zilizo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika upande wa Afrika Kusini, na pwani nzima ya Afrika Mashariki ikabaki inaita mtandao usioitika. Nilikuwa na harusi ya familia ambayo nusu yake iko Muscat. Wajomba walikuwa wananingoja huko na simu mkononi. Nikasafisha picha zote siku hizo bila bando hata la shilingi mia. Ila nisiisingizie Lightroom: ile ya kwenye kompyuta, Classic, nayo hufanya kazi bila intaneti kwa muda mrefu kabla ya kuuliza kama umelipa. Walioumia ni wenzangu waliohamishia picha zao zote mawinguni kwa sababu simu ilijaa. Picha zilikuwa zao, lakini hawakuweza kuzifikia.

Siku hizo nilikuwa nawaza juu ya negativu. Aliyenifundisha kazi alikuwa anarekebisha nyuso kwa penseli iliyochongwa kama sindano, moja kwa moja juu ya negativu, na hakuna kampuni iliyomdai ada ya kuendelea kuiona kazi yake. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na negativu za namna ile, chumvi ya bahari isipozila, zinasomeka mpaka leo kwa kuziinua tu dirishani. Faili ghafi haiinuliwi dirishani. Inahitaji mtu mwingine awe hai, awe na programu, na awe radhi kuifungua. darktable huandika kila nilichokifanya katika faili ndogo ya maandishi inayokaa kando ya picha, na Lightroom nayo hufanya hivyo kwa sehemu kubwa ukiiamuru. Niliiamuru siku hizohizo. Hata kama ningeacha jaribio hapo, faida hiyo pekee ingetosha.

Uamuzi wangu, baada ya misimu miwili: picha zote za mchana za harusi, mahafali na tamasha zinapita darktable. Za ukumbini na za ngoma za usiku bado zinapita Lightroom, na ada naendelea kulipa. Priseti za kununua nimezifuta zote. Kompyuta nimeibadilisha, kwa fedha ambayo ingelipa ada ya miaka kadhaa, kwa hiyo asije mtu akakwambia kuwa nilihama ili kuokoa fedha. Kila harusi iliyokabidhiwa inakaa kwenye diski mbili, moja studio na moja nyumbani, pamoja na faili zake ndogo za maandishi na JPEG za ukubwa kamili, ili siku programu zote mbili zitakapokufa picha ibaki.

Mwenzangu mwenye studio Msata, Lugoba au Bunju, kama unataka kujaribu, programu inapakuliwa bure na mwezi mtulivu unao kila mwaka. Chukua harusi uliyokwisha kulipwa, isafishe upya, chapa picha chache. Kabla hujazituma kwenye kundi la wapiga picha, mpelekee kwanza shangazi wa bibi harusi.